Miaka inakwenda na Dodoma bado haijaniingia moyoni. Mliohamishwa kama mimi, mnaishije?

Wakuu, salaam.

Naandika jambo ambalo ofisini halisemeki, maana ukilisema unaonekana hutaki kazi au unadharau makao makuu ya nchi. Siipendi Dodoma. Nilikuja na wizara katika lile wimbi la mwanzo lililofuata tangazo la Julai 2016 la kuhamishia serikali Dodoma, na kila niliyemlalamikia aliniambia nivumilie, mtu huzoea. Nimezoea mengi kweli: upepo, maji ya chumvi, kununua mchicha alfajiri kabla jua halijaunyausha. Kupenda ndiko hakujaja.

Wenyeji naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjakasirika. Sina neno na Wagogo. Jirani yangu wa Ilazo, mama mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kupika mlenda ukavutika vizuri, na ndiye anayekaa na mwanangu nikichelewa kazini. Ninayoyasema hapa ni ya mji na namna tulivyoletwa humo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia kwenye unyevu, kwenye minazi, kwenye harufu ya bahari ambayo hata huihesabu kuwa ni kitu mpaka uikose. Dodoma mvua huanza Disemba na ikifika mwisho wa Aprili imekwisha, na kwa mwaka mzima wastani wake haufiki milimita 600. Baada ya hapo ni miezi saba ya kungoja. Mwezi wa saba usiku unalala na blanketi mbili. Mwezi wa kumi hulali kwa joto. Na katikati ya yote hayo kuna upepo, na upepo wa huku huja na vumbi.

Vumbi hili nalieleza kwa asiyelijua. Ukifuta meza ya chakula saa kumi na mbili asubuhi, ukirudi jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole, na madirisha ulifunga. Linaingia kwenye mkunjo wa pazia, kwenye kitasa cha friji, kwenye vifungo vya rimoti. Shati jeupe la shule la mwanangu lina mstari mwekundu kwenye kola ambao sabuni ya mche haiutoi, wala jiki, wala kulaza kwenye maji ya moto. Namnunulia mapya kila muhula na mstari unarudi. Midomo inapasuka mpaka kucheka kunauma. Mwanzoni mwanangu alikuwa akitoka damu puani usiku, nikadhani ni maradhi. Daktari akasema ni ukavu wa hewa, nimpake mafuta ya mgando puani kabla ya kulala.

Maji nayo. Mji kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na visima hivyo vilipimwa kwa mji mdogo. Sensa ya 2012 ilikuta watu kama 411,000 hapa; ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Ndani ya miaka kumi watu wamekaribia kuwa mara mbili, na ardhi ni ile ile kame. Kwetu maji yanafunguliwa kwa zamu, kwa hiyo bila simtanki kwenye mnara huna nyumba. Yakija unaamka usiku kusikiliza kama yanapanda. Birika la chai limejenga utando mweupe ndani, mgumu, unakwanguliwa kwa kisu.

Haya yote lakini ningeyabeba. Kuna watu wanaishi Shinyanga, wanaishi Manyoni, na hawalii. Kinachonimaliza ni kingine, na ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Mume wangu ni wakala wa forodha. Kazi yake iko bandarini. Serikali inaweza kuhamisha wizara, ikahamisha mafaili, ikahamisha hata bendera. Bandari ya Dar es Salaam haihamishiki. Kwa hiyo sisi tumegawanyika. Mkubwa amebaki na baba yake na mama mkwe Tabata, kwa sababu alikuwa karibu na mtihani na tuliogopa kumvuruga. Mdogo niko naye mimi. Tulipanga iwe kwa muda. Ule muda ndio umekuwa maisha yetu. Mdogo anazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Dodoma na kaka yake anamcheka kwenye simu, wanagombana, simu inakatwa. Hawajui kugombana kwa kawaida, kwa kusukumana na kununiana kisha kula sahani moja.

Mkitaka kuuona mji huu ulivyo, njooni ofisini Ijumaa. Kuanzia saa nne chini ya meza kuna mabegi. Saa tisa korido zimenyamaza. Nenda stesheni ya SGR jioni: utakutana na idara nzima kwenye foleni, mkurugenzi na karani, kila mtu na mfuko wa zabibu za kupeleka nyumbani. Treni ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 nililia kwa furaha, nasema kweli. Basi lilikuwa linachukua saa nane. Treni inakwenda chini ya saa nne. Lakini nauli ya kawaida ilianza kwa 31,000, kwenda na kurudi 62,000, hapo hujaweka bodaboda, hujaweka mtoto. Mshahara wa mhasibu hauwezi kufanya hivyo kila wiki. Kwa hiyo kuna Ijumaa unaondoka, na kuna Ijumaa unabaki.

Ijumaa za kubaki ndizo zinazouma. Jumamosi mchana unapita mtaa wa viongozi, mageti yamefungwa, walinzi wamekaa kwenye kivuli cha mwarobaini wanasikiliza mpira redioni. Majumba mazuri na ndani hakuna mtu anayepika. Ukialikwa harusi, ni ya Dar. Msiba, ni Dar. Kikoba cha wanawake wa ofisini kwetu kinakutania Sinza! Wanawake wanaofanya kazi jengo moja kwenye mji wa serikali Mtumba wanakutana Sinza, kwa sababu Jumapili ndiko wote walipo. Utajenga vipi urafiki kwenye mji ambao kila mtu ameweka mguu mmoja tu?

Na mji umejengwa kwa kuwafuata watu wa namna hiyo. Mtumba penyewe ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Ofisi zilizinduliwa kule Aprili 2019 na zimeendelea kukua, majengo ya kisasa kabisa, lami safi, taa. Ukitoka kazini saa kumi na moja hakuna genge la kununua nyanya njiani mpaka uzitafute, hakuna fundi cherehani, hakuna mahali pa kukaa na mtoto akacheza huku unamsubiri mwenzako. Unapanda basi la wafanyakazi, unateremshwa, unafunga geti. Ofisi zimetangulia na maisha yamekuja nyuma yakikokotwa. Kikao cha Bunge kikianza, ndipo unaona mji uliotayarishwa kwa ajili ya nani: vyumba vya wageni vinapanda bei, bajaji zinapanda bei, hata nyama choma. Bunge likiahirishwa, kimya.

Watu husema tumeharakishwa. Mimi naona kinyume, uamuzi huu una umri kunizidi. Ni wa TANU, mwaka 1973, wa kuhamishia makao makuu katikati ya nchi, na kabla ya kupitishwa hoja ilipelekwa mpaka kwenye matawi ya chama ikajadiliwa. CDA, mamlaka ya kuustawisha mji wa makao makuu, ikaundwa mwaka huo huo, Wakanada wakachora mpango wa mji mwaka 1976. Kisha miongo minne wizara nyingi zikabaki Dar. Kwa nini zilibaki, kila mtu ana jibu lake. Fedha hazikuwapo, na waliokuwa wahame walikuwa na nyumba Oysterbay. Halafu 2016 likatoka tamko, Waziri Mkuu akatangulia mwaka ule ule, Makamu akafuata 2017, Rais mwenyewe akahamia 2019, na katikati ya hapo, 2018, ikatungwa sheria ya kuyatambua makao makuu. Hoja ya kuwa serikali ikae katikati ya nchi naielewa na naiheshimu. Mtu wa Kigoma au Singida hastahili kusafiri mpaka pwani kufuatilia faili.

Ila matawi ya TANU yaliulizwa kuhusu mji. Sisi hatukuulizwa kuhusu ndoa. Hakuna fomu iliyokuwa na kisanduku cha kuandika mwenza wako anafanya kazi gani, watoto wako darasa la ngapi, mzazi mgonjwa unamwacha na nani. Tulipewa posho ya uhamisho na tarehe ya kuripoti. Nawajua wenzangu watatu ambao ndoa zao zimefia kwenye barabara hii ya Dar na Dodoma, na hakuna hata mmoja ambaye angekuambia kosa ni la mumewe au la kwake. Walichoka tu.

Nina kiwanja. Nilikipata wakati viwanja vilipokuwa vinapimwa kwa kasi baada ya CDA kuvunjwa 2017 na umiliki kutoka miaka 33 kwenda 99, watumishi tukahimizwa tuchukue. Kipo, kina mawe ya mipaka, na mama jirani amelima uwele humo misimu yote kwa ruhusa yangu. Shemeji yangu kila akija ananiuliza unajenga lini. Sijaweka hata tripu moja ya mchanga. Naogopa nikisimamisha ukuta wa kwanza nitakuwa nimekubali kwamba familia yangu itaishi vipande viwili mpaka nistaafu.

Kuna siku nzuri, siwezi kuwadanganya. Mwezi wa tatu mvua zikiwa zimekolea, vilima vinageuka kijani kwa wiki chache, mibuyu inavaa majani, zabibu zinajaa barabarani kwenye ndoo, hewa inanukia udongo. Siku hizo namchukua mwanangu tunapanda kwenye mawe ya kile kilima cha Simba na tunaangalia mji wote. Yeye anaupenda. Ananionyesha shule yake, paa la nyumba yetu, reli. Na mimi natazama upande wa mashariki.

Naomba wenzangu mliohamishwa mseme ukweli wenu. Si lazima uwe wa Dodoma. Kama ulipelekwa mji ukakukataa, ulifanya nini?

*

Mtoto wa Chamwino:

Mbukwenyi dada. Nimesoma yote kama ulivyoomba, na sijakasirika, ila nina langu.

Ninyi mliletwa. Sisi tulisogezwa. Babu yangu alikuwa na shamba la mtama upande ambao leo ni mtaa wa watu wenye nafasi. Enzi za CDA ardhi yote ilikuwa ya mamlaka, mwenyeji ukawa kama mpangaji kwenye makaburi ya babu zako. Unasimamisha banda, linawekewa alama ya X. Ukienda kudai fidia unaulizwa hati, na hati unayo wapi wakati ulizaliwa hapo? Tumezidi kusogea, leo mashamba yetu yako mbali na maji.

Kwa hiyo ukisema mji umejengewa watu wasiokaa, umesema kilicho moyoni mwangu. Mimi ni fundi ujenzi. Nimejenga nyumba nyingi za watumishi kwenye mji huu, na nyingi nikipita Jumamosi zina kufuli. Dada angu anauza mboga Majengo, anakuambia Ijumaa mpaka Jumapili ni siku za kuozesha nyanya.

Hilo la vumbi pia nikuambie, zamani halikuwa hivi. Miti ilikatwa kupisha viwanja, viwanja vikakaa wazi miaka bila kujengwa. Upepo unachota pale. Kama kiwanja chako kina uwele, umetusaidia kuliko aliyekifyeka akaondoka.

Bachela wa Nkuhungu:

Mleta mada pole, ila mimi Dodoma imenipa maisha. Nimetoka Mbagala. Nilikuwa naamka saa kumi usiku niwahi daladala, narudi saa nne usiku, siku zangu zote zinaishia foleni. Hapa kutoka nyumbani mpaka kazini ni dakika kumi na tano kwa pikipiki. Jioni nafanya mazoezi, nalala mapema. Chumba na sebule ninacholipia hapa, kwa pesa hiyo Dar ningepata chumba kimoja mahali panapotuama maji.

Nakubali ni rahisi kusema hivyo ukiwa huna mke wala mtoto. Nilichogundua ni kwamba mji huu unampenda mtu aliyekuja mzima. Ukija nusu, hauna cha kukufidia. Dar ina bahari, ina ndugu, ina kelele, hata ukiwa na huzuni inakubeba. Dodoma kimya chake kinakurudishia mawazo yako yote.

Baba Wawili:

Mimi ni upande wa pili wa hadithi hii. Mke wangu yuko huko, mimi niko Kinyerezi na watoto wote wawili.

Mnaoondoka mnahurumiwa. Tunaobaki tunaulizwa "umemruhusuje mkeo?" Nimejifunza kusuka nywele za binti yangu kwa kutazama video, twende kilioni tu, lakini anakwenda shule amesukwa. Mkutano wa wazazi naenda mimi, chanjo naenda mimi. Mke wangu akija Ijumaa usiku watoto wamelala. Jumamosi anafua, anapika vya wiki nzima, anagandisha kwenye friji, Jumapili saa nane anaanza kuangalia saa. Nimemwambia aache kupika, akae tu na watoto sebuleni, tutakula hata mkate. Anasema asipopika anajiona mgeni.

Ushauri wangu kwa mleta mada: hao watoto wawili waunganisheni, iwe huku au huko. Sisi wakubwa tunaweza kugawanyika, lakini ndugu wakilelewa mbalimbali wanakuwa binamu. Nililelewa hivyo mimi, najua ninachokisema.

*

Mleta mada:

Nimewasoma nikiwa kwenye basi la wafanyakazi, na Baba Wawili umenifanya nigeukie dirishani.

Mtoto wa Chamwino, ahsante kaka. Sikuwahi kuiona nyumba ninayoishi kama mahali palipokuwa shamba la mtu. Nimemuuliza mama jirani jana jioni. Akaniambia kwao palikuwa pale penye mnara wa simu, na kisima chao kilifukiwa. Miaka yote hii tunakunywa chai pamoja na hajawahi kulalamika mbele yangu. Uwele ataendelea kulima, na nimemwomba tupande miarobaini kwenye mipaka mvua zikianza, upepo upate kitu cha kuuzuia.

Bachela, nakutakia heri na mji wako, na siku ukioa mkae mji mmoja.

La watoto nimelizungumza na mume wangu jana usiku mpaka salio likaisha. Tumekubaliana mkubwa akimaliza muhula aje huku kwanza, wakae pamoja, hata kama baba yao atabaki peke yake na mama mkwe kwa muda. Mama mkwe ameipokea kwa shingo upande, lakini ameipokea. Wakati huo huo naomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Ofisi ya kwanza niliyopeleka wazo hilo iliniambia kwa mdomo kwamba kwa kuwa mume si mtumishi wa umma, hoja yangu ni nyepesi. Sijaridhika na jibu la mdomo, nataka la maandishi.

Kwa hiyo mwenye uzoefu anisaidie katika hili: kama kuna mwanamke humu aliyeomba kumfuata mume aliye sekta binafsi na akakubaliwa, aliambatanisha nini zaidi ya cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa mume? Na je, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua za shule zao zote mbili vina uzito wowote? Barua yangu inaingia masjala mwezi huu.